Kuvuna maji ya mvua ya kunywa nyumbani Arusha: kuanzia bati hadi koki

Kila masika yakikaribia, maswali ni yale yale. Ninunue tanki la lita ngapi? Maji ya bati si machafu? Mbona jirani ana tanki kubwa, na ikifika mwezi wa nane anabeba madumu kama sisi? Na kwani maji ya kisima nikiyachemsha hayatoshi? Kujibu kipande kipande kwa simu kunachosha pande zote mbili, kwa hiyo nimeyaweka hapa yote. Mwongozo huu ni wa mtu anayekaa Arusha mjini au kwenye vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru, mwenye nyumba ya bati ya kawaida na mfuko wa kawaida. Wa Moshi karibuni pia, bati ni bati.

Msimamo wangu nautoa mapema ili usije ukanishangaa mbele ya safari: maji ya mvua ya huku kwetu ni ya mdomo. Kunywa, chai, uji wa mtoto, kupikia. Kufua, kudeki, kuosha pikipiki na kunywesha ng'ombe kuna maji mengine ya kufanyia. Ukikubali hilo, tanki dogo linakutosha. Ukilikataa, hata la lita 10,000 litakuaibisha.

Kwa nini mvua, wakati kisima kipo?

Kwa sababu ya floraidi. Mlima Meru ni volkano, na miamba yake inaachia madini hayo kwenye chemchemi, mito na visima. Kiasi kinatofautiana sana, hata kati ya vyanzo viwili vilivyo jirani, ila maeneo kama Maji ya Chai, Ngarenanyuki na Oldonyosambu yanajulikana tangu zamani. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4, kisha ikashusha kiwango chake hadi hiyo 1.5. Mtu akinywa maji yaliyozidi kwa miaka, meno hupata madoa ya kahawia. Yakizidi sana, mifupa nayo huumia na miguu ya watoto hupinda. Jino huharibika likiwa bado linajijenga ndani ya fizi, yaani kabla mtoto hajafikisha miaka 8 hivi. Baada ya hapo hakuna mswaki wa kuliondoa lile doa.

Sasa lile swali la kuchemsha. Kuchemsha kunaua vijidudu, basi. Floraidi haiondoki na mvuke. Maji yanapungua, yenyewe inabaki, kwa hiyo sufuria iliyotokota muda mrefu ina floraidi nyingi zaidi kwa kila lita kuliko ilivyokuwa inabandikwa jikoni. Chujio la kawaida la mshumaa nalo haliiondoi. Njia za kuiondoa zipo. Kuna mkaa wa mifupa, ambao kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeufanyia kazi miaka mingi, na kuna chujio la Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela hapa hapa Arusha, lililompatia tuzo ya ubunifu wa uhandisi barani Afrika mwaka 2015. Ni njia nzuri, lakini kinachochuja huchoka na lazima kibadilishwe kwa wakati, na watu husahau. Mvua inashuka ikiwa haina floraidi ya kukusumbua. Kazi yako ni kuipokea bila kuichafua.

Andaa hivi kabla ya kumwita fundi

- Tanki la plastiki lenye mfuniko unaofunga vizuri, jeusi au la rangi nzito. Linalopitisha mwanga litaota ukijani.
- Gata za kutosha upande mmoja wa paa, au mabomba ya PVC ya inchi 4 ya kupasua katikati, pamoja na vishikio vyake.
- Bomba la kushushia la inchi 3 au 4, elbo, kiungio cha T, kifuniko cha kuzibia mwisho wa bomba na gundi ya PVC.
- Koki ya chuma, kiungio cha tanki na tepu ya mabomba.
- Wavu wa dirisha usiopitisha mbu, na waya wa kufungia.
- Tofali za bloku, saruji, mchanga na kokoto kwa ajili ya jukwaa.
- Uzi wa fundi, pimamaji, futi kamba, msumeno wa chuma na ngazi ya kuaminika.

Usinunue tanki kwanza. Najua ndiyo raha yenyewe, kulishusha kwenye Kirikuu majirani wakiona. Lakini anza na Hatua ya 1.

Hatua ya 1: Pima paa, kisha piga hesabu

Pima eneo ambalo paa linafunika chini, siyo urefu wa bati lenyewe. Simama chini, usawa wa ukingo wa paa, pima urefu wa nyumba mpaka ukingo wa pili, halafu upana. Zidisha.

Kanuni ni moja: milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Toa kama sehemu moja ya tano, kwa sababu mengine huruka pembeni, mengine hukauka juu ya bati na mengine utayamwaga kwa makusudi. Kwa hiyo:

eneo la paa × milimita za mvua × 0.8 = lita

Nyumba ya mita 8 kwa 6 ina mita za mraba 48. Mvua moja nzuri ya milimita 20 inakupa lita 768. Tukichukua mwaka wa milimita 800, paa hilo hilo linakusanya zaidi ya lita 30,000. Paa karibu kila mara linatosha. Kinachopungua ni mahali pa kuyaweka.

Sasa hesabu ya pili, ambayo watu wengi wanairuka. Mnatumia kiasi gani cha kunywa na kupikia? Weka lita 5 kwa mtu kwa siku. Familia ya watu 5 ni lita 25 kwa siku. Tanki la lita 1,000 litawapeleka siku 40, la lita 2,000 siku 80. Kiangazi chetu kirefu, kuanzia Juni mpaka vuli ianze mwishoni mwa Oktoba au Novemba, ni kama siku 150, na hapo mnahitaji lita 3,750. Tanki la lita 5,000 likijaa mwezi wa tano, familia hiyo inavuka hadi vuli na akiba inabaki.

Huna hela ya tanki la lita 5,000? Usiahirishe. Nunua la 1,000 na liwe na kazi moja tu: watoto walio chini ya miaka 8 na mama mjamzito. Watoto wawili na mama wakitumia lita 10 kwa siku, tanki hilo dogo linakwenda siku 100. Watu wazima endeleeni na mliyoyazoea. Meno yenu yalishaamua zamani.

Upande wa mlima nao una neno lake. Miteremko ya kusini na mashariki ya Meru inapata mvua nyingi kuliko Kisongo au Oldonyosambu. Ukikaa upande mkavu, ongeza tanki kabla ya kuongeza gata.

Hatua ya 2: Likague bati lenyewe

Bati lililopauka ni sawa. Lenye kutu kidogo litakupa maji ya rangi mvua za mwanzo, halafu yatatulia. Vigae vinafaa. Mambo manne yanakataza, au angalau yanataka marekebisho kwanza:

Paa la asbesto, lile la kijivu lililomo kwenye nyumba nyingi za zamani. Usilitumie kwa maji ya kunywa, na usilitoboe wala kulikata kufunga gata, maana vumbi lake ndilo hatari kubwa kwa mapafu.

Paa la jiko la kuni. Masizi yote yanashukia tankini. Tumia paa la nyumba kubwa.

Matawi juu ya paa. Mgrevilea unamwaga majani mwaka mzima, na jakaranda huchanua na kupukutika Oktoba na Novemba, sawasawa na vuli inapoanza. Kata matawi yaliyo juu ya bati. Ndege nao watapungua.

Shamba linalopuliziwa dawa karibu na nyumba. Kama uko jirani na mashamba makubwa ya maua au kahawa na harufu ya dawa inakufikia, dawa yenyewe inalifikia bati. Hapo maji hayo yafanyie kazi nyingine.

Hatua ya 3: Jenga jukwaa

Lita 1,000 za maji ni tani moja. Kwa hiyo jukwaa la mirunda na mbao, hapana. Litasimama mwaka wa kwanza, mchwa na unyevu wataingia, na siku litakapoanguka huenda kuna mtoto anacheza chini yake.

Chimba mpaka ardhi ngumu, panga tofali za bloku, jaza katikati kifusi ukikishindilia vizuri, kisha mwaga zege juu. Uso wa jukwaa uwe bapa na upana wake uzidi tanki pande zote. Tanki la plastiki linataka kitako chake chote kikalie jukwaa. Fundi akikuambia duara la tofali lenye uwazi katikati linatosha, mkatalie, kwa sababu kitako kitabonyea na kupasuka. Kimo cha sentimita 50 kinatosha ndoo kuingia chini ya koki. Zege liache lipate nguvu wiki moja ukilimwagia maji kabla ya kupandisha tanki.

Kosa la kawaida hapa: kusahau kimo cha gata. Pima kutoka chini hadi mahali gata itakapoishia, toa kimo cha jukwaa, toa na sentimita kama 20 za mteremko wa bomba. Kinachobaki ndicho kimo kikubwa kabisa cha tanki lako. Nenda dukani na futi kamba. Kuna matanki mazuri sana mjini yanayopokea maji ya bomba tu kwa sababu mdomo wake uko juu kuliko gata.

Hatua ya 4: Funga gata

Funga upande mmoja wa paa kwanza. Gata ya bati inayokunjwa na mafundi ni nzuri. Bomba la PVC la inchi 4 lililopasuliwa katikati ni rahisi na linafaa mteremko wa paa wa hadi mita za mraba 30 hivi. PVC inayopigwa na jua hukakamaa na kupasuka, kwa hiyo ipake rangi kwa nje.

Vuta uzi wa fundi kutoka ncha hadi ncha ya fishabodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa. Upande wa tanki uwe chini kwa sentimita 1 kwa kila mita. Nyumba ya mita 8 basi inashuka sentimita 8. Vishikio viwe karibu karibu, visizidi sentimita 80 kutoka kimoja hadi kingine, maana gata iliyojaa maji na majani ni nzito. Bati liingie ndani ya gata sentimita 3 hadi 5. Likiingia zaidi, mvua kubwa inaruka gata nzima; likiwa fupi, maji yanarudi nyuma na kulowesha ubao.

Kabla fundi hajashuka, mwambie amwage ndoo ya maji upande wa juu. Yakituama popote, arekebishe hapo hapo akiwa bado kwenye ngazi. Akishakunywa chai na kuondoka, kumrudisha ni kazi nyingine.

Hatua ya 5: Weka njia ya kumwaga maji ya kwanza

Ukiacha hatua zote nyingine zilegee, hii isilegee. Vumbi la barabara, vinyesi vya ndege na popo, mijusi iliyokauka: vyote viko juu ya bati, na mvua ya dakika za mwanzo ndiyo inayoviosha. Watu wanaosema maji ya bati ni machafu wanasema kweli kuhusu dakika hizo. Yanayofuata ni mengine kabisa.

Kuna njia mbili.

Njia ya bei rahisi ni elbo isiyopakwa gundi. Mahali bomba linapokaribia tanki, acha elbo moja inayozungushwa kwa mkono. Kabla ya mvua imwagie nje. Mvua ikishapiga dakika 10 hivi, izungushe iingize tankini. Ubaya wake ni kwamba mvua ya Arusha inapenda kuja saa nane za usiku. Nani ataamka? Wiki ya kwanza, baba. Wiki ya pili, hakuna.

Kwa hiyo napendekeza ya pili, bomba la kusimama. Maji yanapotoka kwenye gata, kabla hayajafika tankini, weka kiungio cha T. Mdomo unaotazama chini uunganishe na kipande cha bomba la inchi 4 kilichozibwa mwisho kwa kifuniko. Maji ya kwanza, yenye uchafu, yanaanguka humo. Bomba hilo likijaa, yanayofuata yanapita juu yake na kuelekea tankini. Kwenye kifuniko toboa tundu dogo kama la msumari mwembamba, ili bomba lijimwage lenyewe taratibu baada ya mvua na liwe tayari kwa mvua inayofuata. Kifuniko hicho usikipake gundi. Kifanye cha kufunguka, kwani matope yatajaa chini.

Urefu wake? Mita 1 ya bomba la inchi 4 inabeba kama lita 8. Kwa mteremko wa paa wa mita za mraba 24, kumwaga nusu milimita ni lita 12, yaani bomba la mita 1.5. Hicho ndicho kiwango cha chini. Ukikaa kando ya barabara ya vumbi, mwaga milimita nzima, yaani lita 24. Bomba la urefu huo halitaenea chini ya paa, hivyo elekeza kwenye pipa dogo lenye mfuniko.

Hatua ya 6: Ziba kila tundu

Mdomo wa kuingilia maji uwe na wavu uliokazwa kwa waya. Bomba la ovaflo, yaani la kutolea maji tanki likijaa, liwe na unene sawa na bomba la kuingizia, na liwe na wavu pia. Mfuniko ufunge. Mbu anahitaji upenyo mdogo tu na siku chache za maji yaliyotulia.

Usitumie kipande cha chandarua chenye dawa. Dawa ile imewekwa kuua wadudu, na hapa maji yanapita juu yake kuelekea kwenye kikombe chako.

Maji ya ovaflo yapeleke kwenye migomba au bustani, mbali na msingi wa jukwaa.

Hatua ya 7: Funga koki

Koki ikae juu ya kitako cha tanki kwa sentimita 10 hivi, ili matope yabaki chini. Weka tepu ya kutosha kwenye nyuzi. Na iwe sheria ya nyumba: maji yanatoka kwa koki peke yake. Siku mtu atakapofungua mfuniko na kuchota kwa kata, kazi yote ya Hatua ya 5 na 6 imekwisha.

Kwenye ua wa wapangaji wengi, nunua koki yenye kitasa cha kufungwa kwa kufuli. Siyo uchoyo. Ni kwamba mtu mwenye nguo za kufua hajui, au hataki kujua, kwamba haya ni ya uji wa mtoto.

Hatua ya 8: Osha, kisha subiri

Tanki jipya lioshe ndani kwa maji yenye jiki kidogo isiyo na manukato, suuza mara mbili, mwaga. Baada ya kiangazi, mvua ya kwanza na ya pili usizipokee kabisa. Vua bomba la kuingizia, bati lioge. Anza kukusanya ya tatu. Rudia usafi wa gata kila mwisho wa Februari na kila mwanzo wa Oktoba. Tanki lenyewe lioshe mara moja kwa mwaka, likiwa karibu kuisha. Tanki kubwa asiingie mtu peke yake bila mwingine kusimama nje.

Hatua ya 9: Yatibu kabla ya kunywa

Maji haya hayana floraidi ya kusumbua, lakini vijidudu yanaweza kuwa navyo. Chagua njia moja. Chemsha mpaka yatokote sawasawa kwa dakika 1; hapa mjini, kwenye mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, inatosha, ila ukikaa juu kabisa mlimani, zaidi ya mita 2,000, fanya dakika 3. Au tumia vidonge vya klorini kama karatasi yake inavyoelekeza. Au jaza chupa safi za plastiki zinazopitisha mwanga, zisizozidi lita 2, uzilaze juani saa 6. Mwezi wa saba, mawingu yanapolala juu ya mji kutwa nzima, zilaze siku mbili.

Kama umepanga, au hamna hela ya tanki

Mpangaji anaweza kufunga gata fupi ya mita 3 kwa waya bila kutoboa ubao wa mwenye nyumba, akakinga kwenye pipa la lita 200 lenye mfuniko na koki. Pipa liwe lililobeba chakula, mafuta ya kula kwa mfano. Mapipa yaliyobeba kemikali yanauzwa mjini yameoshwa yakang'aa; kama muuzaji hakuambii lilibeba nini, liache.

Majirani wanaofahamiana wanaweza kuifanya kama upatu: kila mzunguko, hela inanunua tanki la nyumba moja, mkianza na zenye watoto wadogo. Upatu wa fedha taslimu huishia kwenye ada na misiba, kwa hiyo anayeshika zamu anunuliwe kitu chenyewe. Na msisahau paa la kanisa, msikiti au shule. Paa la mita za mraba 200 kwa mvua ile ile ya milimita 20 linatoa lita 3,200. Kabla ya kuchangisha kubalianeni nani anashika ufunguo, nani anasafisha gata na kila nyumba inachota ndoo ngapi. Wengi huanza na harambee, na ndipo mabishano yanapoanzia.

Makosa yanayoharibu kazi nzuri

La kwanza kwa ukubwa ni kuongeza maji ya kisima kwenye tanki linapopungua. Lita 500 za mvua ukizichanganya na lita 500 zenye miligramu 6, una tanki zima lenye miligramu 3, mara mbili ya kiwango. Kuchanganya kwa makusudi kunawezekana, lakini mpaka chanzo kiwe kimepimwa maabara: maji yenye miligramu 2, nusu kwa nusu na ya mvua, yanatoka na 1. Bila kipimo ni kubahatisha, na floraidi haina rangi wala harufu ya kukuonya.

La pili ni magadi. Mtu anavuna mvua kwa taabu yote hii, kisha anaweka magadi kwenye maharage na makande ili yaive haraka. Magadi ya ukanda wetu yana floraidi. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji yale, pika.

Yakienda kombo

*Maji yana rangi ya chai mvua za mwanzo.* Ni vumbi, majani au kutu. Ongeza urefu wa bomba la kusimama na usafishe gata. Yakiendelea wiki nzima, chungulia kama kuna majani yaliyooza tankini.

*Maji yananuka.* Mara nyingi kuna kitu kimekufa ndani, mjusi au panya, au wavu wa ovaflo umetoka. Usiyatibu. Yamwage bustanini, osha tanki, rudisha wavu.

*Ukijani kwenye kuta.* Mwanga unaingia. Funika tanki kwa turubai au lijengee kivuli.

*Viluwiluwi vya mbu.* Kuna tundu hujaliona, kagua mfuniko kwanza. Chuja maji kwa kitambaa safi, ziba, na gata inayotuama irekebishwe, kwani huenda wanazaliwa huko juu.

*Mvua kubwa, maji kidogo.* Simama nje mvua ikinyesha na utazame. Utaona yanakoruka: gata iko chini sana, imejaa majani katikati, au tundu la bomba la kusimama ni kubwa mno na linamwaga kila kitu.

*Tanki linayumba na upepo.* Tanki tupu ni jepesi. Lifunge kwa waya kwenye jukwaa, au usiliache bila maji.

*Chai haina ladha.* Inayo, hujazoea. Utaona pia sabuni inatoa povu haraka. Wasije wakaigundua hiyo wanaofua.

*Limeisha mwezi wa nane.* Weka alama ubavuni mwa tanki kwa rangi, mstari mmoja kwa kila mwezi wa kiangazi, kuanzia juu kushuka. Maji yakiwa chini ya mstari wa mwezi husika, rudini kwenye lita za watoto peke yao mpaka yalingane. Na kabla ya yote muulize aliyebaki nyumbani mchana ni nani aliyefua.